Sajini wa Ya Kwanza, Sajini wa Ya Pili

Kasuku hakuijua lugha ya zile filamu. Tuliseme hilo mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Alijua kusema asante, alijua kusema twende, na alijua matusi mawili matatu ambayo maadui wa kwenye filamu hawachoki kuyatukana. Mengine yote aliyasoma kwenye nyuso za watu. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akikunja uso, Kasuku anafoka kwa niaba yake. Mwanamke akiangalia dirishani, Kasuku anamlilia mume. Na watu walilipa kiingilio kuja kumsikiliza, tena waligombea mabenchi ya mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na banda la video: kuta za mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, runinga kubwa juu ya kabati lenye kufuli, na feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia. Filamu zilikuwa za nje. Sauti ilipunguzwa, Kasuku akakaa kwenye stuli ndefu pembeni ya runinga, maiki mkononi, akawatia Kiswahili midomoni wale watu wote, mmoja mmoja. Steringi alimpa sauti nzito. Adui alimpa sauti ya mafua. Wanawake aliwabania pua mpaka mkewe akasusa kuja bandani, akasema hakuolewa ili aje aaibishwe hadharani.

Watu walimpenda kuliko filamu zenyewe. Waliojaribu kwenda banda la ng'ambo ya barabara, lisilo na mtafsiri, walirudi wakilalamika kwamba wameona watu wanafungua na kufunga midomo tu, wamelipa bure. Na mtu akisifiwa kila siku si huvimba kichwa? Alivimba. Ukimwuliza ameyajuaje yale maneno anacheka, anasema, "Ndugu yangu, kuna vitu vya kusomea na vitu vya kuzaliwa navyo." Lione kwanza.

Alikuwa na sharti moja, na ninamsifu kwa hilo kwa sababu humu ndani sina kingine cha kumsifia: haonyeshi filamu kabla hajaitazama nyumbani. Akishaitazama, hata asipoelewa neno, anajua nani atakufa na nani ataoa, kwa hiyo hapotei njia. Sharti hilo alilivunja mara moja tu, kwa ile filamu ya polisi ambayo baadaye watu waliiita Ya Kwanza.

Diski ililetwa mchana, banda limeshafurika, watu wanagonga mabati. "Panda tu, shemeji," mwenye banda alimwambia. "Filamu za polisi zote baba mmoja, mama mmoja." Kasuku akapanda kwenye stuli yake.

Na filamu ilikuwa tamu, jamani, tusiseme uongo. Watu wa kushika kichwani ni watatu: mpelelezi kijana, ndiye steringi, mkuu wa kituo, mzee nadhifu mwenye mvi na tabasamu la baba mkwe, na sajini mmoja mtu mzima, uso mgumu, macho yameingia ndani, hacheki. Magari yanakimbizana mpaka sokoni, matenga ya matunda yanaruka, risasi hazihesabiki, na mvua inanyesha mwanzo mwisho. Maneno machache, kishindo kingi. Filamu ya namna hiyo mtafsiri anaila mchana kweupe bila kutoka jasho.

Mwanzoni tu, sajini akaonekana mvuani anapokea bahasha kutoka kwa majambazi. Anaitia kotini, anageuka kuangalia nyuma. Kasuku hakungoja aone zaidi. "Wenye macho mmeona," akasema. "Msaliti ndiye huyo. Mchana anavaa sare, giza likiingia anakula sahani moja na wezi." Kisha ulimi, ambao hauna mfupa, ukamwasha. Akaongeza: "Na uso huo si mnaujua? Si fundi viatu wetu wa pale kona huyu? Fundi, kumbe una ajira mbili?"

Banda liliangua kicheko. Fundi viatu mwenyewe alikuwamo, na kusema kweli walifanana, ule upara, yale macho. Naye akacheka, akainuka akapiga saluti, watu wakazidi kucheka. Ni mtu mpole, hana makuu. Hakuona ubaya wowote, na siku ile kweli haukuwepo.

Sasa ugonjwa wa kazi ile ni huu: ukishamwita mtu msaliti mwanzoni, humgeuzi tena. Watu wameshamchukia, na chuki ya watu waliolipa kiingilio si ya kuchezea. Kwa hiyo sajini alipozungumza na steringi kwa upole, Kasuku akasema anamrubuni. Alipopiga simu kwa siri, anawatonya majambazi. Mwishoni mkuu wa kituo akampiga sajini risasi kwenye ngazi, na Kasuku akamwekea mkuu maneno mazito kinywani: "Mwizi ni mbaya, lakini polisi mwizi ni mbaya zaidi." Watu walisimama juu ya mabenchi. Steringi akavishwa nishani na mkuu, akaangalia pembeni, uso umemshuka, filamu ikaisha. Kwa nini uso umemshuka siku ya nishani? Kasuku alisema anamkumbuka mchumba wake.

Filamu ilirudiwa miaka na miaka, kwa maneno yale yale, maana watu waliyakariri wakawa wanayasema pamoja naye. Na jina likamganda fundi. Mwanzoni lilikuwa utani tu. "Sajini, nishonee hiki kisigino." Anaitika. Lakini jina la utani ukilizaa hujui litakuwa na tabia gani likikua. Mtu akipotelewa na kuku anaambiwa akaulize kwa Sajini, wanacheka. Viti vya mkutano wa mtaa vikakosekana, wakacheka tena, ila safari hii mwenyekiti akamwomba fundi arudishe ufunguo wa stoo aliokuwa akiutunza. "Si kwamba tunakushuku, Sajini, ni utaratibu tu." Viti vilikuwa vimeazimwa, vikarudi, ufunguo haukurudi. Wateja nao wakaanza kungoja viatu vyao pale pale, mguu mmoja peku, badala ya kumwachia. Hakuna aliyewahi kumkuta na sindano ya mtu. Lisemwalo lipo, walisema, na wakishasema hivyo nani atafute ushahidi.

Mke wa fundi alipofariki, Kasuku ndiye aliyetangaza, kwa kuwa maiki ya mtaa ni yake. Akasema kwa sauti yake nzuri: "Tunawatangazia msiba wa mke wa Sajini." Alijisahau. Kuna watu nyuma walicheka kwa pua, msibani, wakajifanya wanakohoa. Fundi aliinamisha kichwa akaangalia miguu ya watu, kama alivyozoea kazini. Kasuku aliona haya siku ile, akajiambia atamwomba radhi mambo yakitulia. Mambo yakatulia.

Basi, Ya Pili ikaja. Shemeji mtu aliipata akaileta nyumbani kwa Kasuku akiwa anacheka peke yake, ameshapiga hesabu ya mabenchi ya kukodi. Mabango yakabandikwa hadi kwenye ukuta wa kinyozi: Ya Pili, Jumamosi alasiri. Safari hii Kasuku alishika sharti lake. Akaketi sebuleni na mkewe, na mpwa wake akiwa amepita kusalimia. Huyu binti ni mpokeaji wageni hotelini, na wageni wa lugha ile wanashukia hapo kwa mabasi, hata akawa anaiongea kwa kasi ya kugombana nayo.

Ya Pili haikuwa Ya Kwanza, hata kwa mbali. Mvua hakuna, jua kali. Gari linaloonekana ni moja, nalo limeegeshwa. Steringi amenenepa, amevaa miwani, anapanda ngazi akipumzika. Muda mwingi watu wamekaa mahakamani wanaongea, wanaongea, wanaongea. Sajini anaonekana kwa kumbukumbu tu, na mjane wake amekaa mbele ya jaji, mkoba mapajani. Ya Kwanza hata kiziwi angeifuata. Hii ilitaka mtu anayeelewa kinachosemwa. Kasuku alitafuta uso wa kusoma akakosa, wote wametulia tuli.

Akajaribu hivyo hivyo, kwa mazoezi. "Hapa mjane anamwombea msamaha marehemu mumewe," akasema kwa sauti ya kubana pua.

"Mjomba, hapana," binti akasema.

"Hapana nini?"

"Haombi msamaha. Anadai jina la mumewe lisafishwe. Sajini hakuwa msaliti. Ile bahasha aliipokea ili amtege mkuu wa kituo. Mkuu ndiye mwizi, akamuua asije akasema."

"Hayo ni ya hii ya pili. Wamebadilisha ili wapate pa kuanzia. Filamu ndivyo zilivyo."

"Basi weka ya kwanza tuone."

Angekataa, lakini mkewe alikuwa ameshainuka kuitafuta diski. Wakaiweka, sauti wakaipandisha, jambo ambalo Kasuku hakuwahi kulifanya tangu filamu ile iingie mtaani. Binti akatafsiri taratibu. Pale mvuani sajini anamwambia jambazi, mpelekee mkuu salamu. Pale alipozungumza na steringi kwa upole anamwambia, mwanangu, usimwamini mtu anayekutabasamia kila asubuhi. Wakafika kwenye ngazi. Sajini anasema kila kitu kiko kwa kijana, ukweli utatoka. Mkuu anainua bastola, anamjibu maneno machache tu.

"Anasemaje?" mke wa Kasuku akauliza.

"Anasema, nani atakuamini wewe, na uso huo?"

Kasuku masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka. Miaka yote ile ukweli ulikuwa ndani ya runinga, unapiga kelele, na yeye ndiye aliyekuwa anaupunguza sauti.

"Jumamosi utawaambia," mkewe akasema. Hakuwa anauliza.

"Nitawaambia."

"Na fundi utamwambia kabla. Mtu asisikie habari zake mbele za watu."

"Nitamwambia, mama watoto."

Alikwenda, tumpe haki yake, miguu ilimfikisha mpaka kona. Fundi alikuwa anapaka gundi soli, brashi kidogo mkononi, misumari midogo ameibana midomoni. Aliitema mkononi ili aongee kwa heshima.

"Karibu, Kasuku. Nasikia Ya Pili imekuja."

"Imekuja, fundi."

"Mwenzangu yumo?" Aliuliza akiwa anatabasamu, lakini brashi ilikuwa imesimama.

"Yumo."

"Anafanya nini safari hii?"

Hapo ndipo pa kusema. Hakuna mtu karibu ila mteja mmoja aliyekuwa peku, anaongea na simu yake. Kasuku alifungua mdomo, mdomo uliomlisha maisha yake yote, ukagoma.

"Utaona mwenyewe," akasema. "Njoo Jumamosi."

"Nitakuja. Nilishaacha kuja, lakini hii nitakuja." Fundi akairudisha misumari midomoni.

Jumamosi alasiri banda halikuwa na pa kupitisha mguu. Watu walikaa sakafuni, wengine walichungulia kwa nje kwenye matundu ya misumari. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi, kola imenyooka, akapewa nafasi benchi la mbele huku watu wakisema, "Mpisheni Sajini, filamu yake." Yule binti mpwa alisimama mlangoni. Mkewe Kasuku hakuja. Alisema atasubiri habari nyumbani.

Kasuku alishika maiki. Nampa haki yake tena, alianza vizuri. "Ndugu zangu, kabla hatujaanza, kuna jambo nataka kusema kuhusu Ya Kwanza."

"Ya Kwanza tunaijua kuliko wewe," mtu akadakia kutoka nyuma, na wawili watatu wakaanza ile ya mwizi ni mbaya, lakini polisi mwizi ni mbaya, banda zima likaitikia, zaidi. Wakacheka kwa mapenzi. Shemeji alikuwa anamwashiria saa. Kasuku akakohoa.

Alichokiwaza wakati ule sitakificha. Aliwaza: nikisema hii ilikuwa ya kubuni, wataniuliza na zile nyingine. Ile ya rubani? Ile ya bibi harusi aliyewaliza mpaka shemeji akaleta leso za kuuza? Wataniita mwongo, na jina hilo litanikaa. Na mtaani pale hapakuwa na mtu aliyejua kuliko yeye jinsi jina linavyomkaa mtu. Hofu ya jina, kama lile alilomvisha mwenzake, ndiyo iliyomfunga mdomo. Akasema, "Basi, tuendelee," na shemeji akabonyeza.

Alijikaza kisabuni mwanzo wote. Watu walikuwa wananung'unika kwamba hakuna risasi. Kisha mjane akasimama mbele ya jaji, akashika mkoba wake, akaanza kuongea, na banda likatulia. Fundi alijisogeza ukingoni mwa benchi. Kasuku alimwona, kwa kuwa walikuwa karibu kiasi cha kugusana magoti.

Akambania mjane pua, halafu akaacha, akatumia sauti yake mwenyewe. "Mheshimiwa jaji," akasema, "mume wangu alikula, sikatai. Bahasha aliipokea. Lakini alitubu. Alitaka kumtaja mkuu, wakaacha wote wizi, ndipo mkuu akamuua. Namwombea msamaha."

Hivyo ndivyo alivyosema. Wenye akili ya kujitetea watasema ni nusu ya ukweli. Mimi nasema panya huuma huku anapuliza, na yeye aliuma miaka yote, leo akapuliza, na watu wakamshangilia kwa pumzi yake nzuri. Maana walishangilia. Wanawake walifuta macho. Mtu wa nyuma akasema, "Kumbe alitubu, masikini," na mwingine akasema, "Ndiyo maana steringi uso ulimshuka ile siku ya nishani," akapongezwa kwa kuelewa. Kasuku alipotazama mlangoni, binti hakuwepo. Aliendelea na kazi mpaka jina la mwisho likapanda juu ya kioo.

Watu hawakutoka haraka, walibishana. Wengi walishikilia kwamba Ya Kwanza ndiyo filamu, hii ya pili ni mkutano wa wazazi, gari zima zima hadi mwisho halijakwaruzwa hata rangi. Wengine wakasema hapana, Ya Pili ina funzo, Ya Kwanza ilikuwa kelele. Kinyozi akasema Ya Kwanza ni ya macho na Ya Pili ni ya moyo, wakamwambia anyamaze, lakini walimkubali. Katikati ya mabishano hayo walikuwa wanampigapiga fundi mgongoni. "Sajini, tumekusamehe bwana." "Yameisha, Sajini." Mwenyekiti mwenyewe akampa mkono, akaushika sana, mbele za watu. Fundi aliitikia kila mmoja. Asante. Asante sana. Nashukuru.

Banda lilipokuwa tupu, Kasuku alikuwa anazungusha waya wa maiki kiganjani, polepole kuliko ilivyohitajika, ili asirudi nyumbani kuulizwa. Shemeji alikuwa nje anarudisha mabenchi ya kukodi. Akageuka, fundi bado yupo, amesimama na shati lake la pasi.

"Nimekuja kukushukuru," fundi akasema.

"Usinishukuru, fundi."

"Niache nikushukuru. Wewe hujui. Umeona mwenyekiti alivyonishika mkono? Mtu akitubu husamehewa, hata wa kwenye filamu. Mimi hilo linanitosha." Alijifuta uso kwa kiganja chake chenye gundi kavu, akacheka kidogo, kwa aibu ya mtu aliyekutwa analia. "Mama watoto, Mungu amrehemu, yeye hakukubali mpaka anakufa. Kila tukitoka humu ananiambia, yule sajini si mwizi, Kasuku kamwonea, hebu mtazame anavyomwangalia yule kijana, mwizi haangalii hivyo. Nami namgombeza. Namwambia, mke wangu, hii ni kazi ya mtu, wewe utajua kuliko Kasuku?"

Kasuku aliendelea kuzungusha waya wa maiki.

"Leo natamani angekuwepo nimwambie," fundi akaendelea. "Alikosea, lakini hakukosea sana. Au sivyo?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na wa kucheka wala wa kuzomea, na maiki ilikuwa imezimwa. Fundi alikuwa anamtazama kwa yale macho yaliyoingia ndani, anangoja jibu kwa mtu anayejua.

"Ndivyo, fundi," Kasuku akasema. "Hakukosea sana."